Uhakiki: Kubernetes kama nyumba ya mitambo ya simu

Kubernetes, mfumo unaoendesha programu zilizofungwa kwenye kontena juu ya kundi la mashine (kundi ni klasta, kila mashine ni nodi), iliundwa kwa kazi za wavuti. Ombi linaingia, linajibiwa ndani ya sehemu ya sekunde, na podi, yaani kontena moja au zaidi zinazoendeshwa pamoja, inabaki haina deni na mtu. Ikifa, nyingine inashika nafasi yake na hakuna anayejua. Simu ina tabia nyingine kabisa. Inaweza kudumu dakika mbili au saa mbili, na tangu ilipoanza kila upande umeshika anwani ya IP na poti ya mwenzake na hautarajii kuzibadilisha katikati ya mazungumzo. Ukilishika hilo, utajua mapema Kubernetes itakusaidia wapi na itakuumiza wapi.

Tunachokipima hapa ni Kubernetes ya kawaida, toleo la 1.26 kwenda mbele, kwenye mashine unazozimiliki, ikibeba programu huria za simu: Kamailio kama prosi ya SIP (itifaki ya kuanzisha na kukata simu za IP), rtpengine kama mpitisha sauti, Asterisk au FreeSWITCH pale panapohitajika seva ya kushika simu zenyewe, na Open5GS kwa kiini cha mtandao wa 5G.

Hukumu ni hii. Kwa safu ya ishara, yaani SIP na sehemu ya udhibiti ya 5G, ni chaguo zuri na tunalipendekeza. Kwa safu ya sauti inafaa kwa sharti moja, kwamba pakiti za sauti zisiguse mtandao wa ndani wa klasta. Kwa UPF, ile sehemu ya 5G inayobeba data ya wateja, inafaa maabara na mitandao binafsi midogo. Ukipita hapo, kazi ya kuziandaa nodi inakuwa kubwa kuliko faida unayoipata.

Anwani iliyo ndani ya ujumbe

Ujumbe wa SIP hubeba anwani ndani yake: kwenye vichwa vya Via, Record-Route na Contact, na tena kwenye mstari wa c= wa SDP (maelezo ya sauti itumwe wapi). Kubernetes nayo huipa kila podi anwani ya ndani, tuseme 10.244.3.17, ambayo nje ya klasta haina maana yoyote. NAT (ubadilishaji wa anwani) ya Service, anwani moja inayosimama mbele ya podi nyingi, hubadilisha kichwa cha pakiti tu, haigusi maandishi yaliyomo. Kinachofuata ni ugonjwa ambao kila mtu wa VoIP (simu za IP) anaujua: simu inaita, inapokewa, watu wanasikilizana, kisha inakatika baada ya sekunde 32. ACK, uthibitisho wa mpigaji, imetumwa kwenye anwani ya ndani, haikufika, na aliyepokea amerudia 200 OK, jibu la kupokea simu, hadi muda wa 64×T1 umekwisha. T1, kipimo cha msingi cha muda cha SIP, ni milisekunde 500, kwa hiyo ni sekunde 32 kamili. Ukiona simu zinakufa kwenye sekunde hiyo, acha kwanza kumshuku mtoa huduma. Soma Contact na Record-Route.

Kamailio huponywa kwa kuipa anwani mbili, ya kusikilizia na ya kutangaza:

`args: ["-DD", "-E", "-l", "udp:$(POD_IP):5060/203.0.113.10:5060"]`

POD_IP inachukuliwa kutoka `status.podIP` kwa `fieldRef`, na baada ya mkwaju unaweka anwani yako ya umma. `-DD` huizuia Kamailio isikimbilie nyuma ya pazia, maana mchakato wa kwanza ukiondoka kontena inahesabiwa imekufa. `-E` hupeleka logi mahali ambapo `kubectl logs` inaziona.

Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni Service yenyewe. Tranki, yaani kiungo cha SIP na mtoa huduma, hutuma kila kitu kutoka anwani moja na poti moja, mara nyingi 5060. Pakiti ya kwanza ikifika, kube-proxy, inayotekeleza Service kwenye nodi, inachagua podi na conntrack, daftari la miunganisho la keneli, inaandika uamuzi huo. Maandishi ya UDP yenye mawasiliano ya pande mbili hudumu sekunde 120 tangu pakiti ya mwisho, na OPTIONS (ujumbe wa SIP wa kupima kama upande wa pili upo) ya kila sekunde 30 au 60 inayafufua kila mara. Kwa hiyo ukiongeza podi kutoka 2 hadi 6, zile nne mpya zinakaa bure na ile ya zamani inaendelea kuelemewa. Kuongeza podi hakutibu hali hii. Ugawaji wa simu uufanye kwa moduli ya dispatcher ndani ya Kamailio, si kwa Service.

Kuna hatari nyingine ya kimya zaidi. Bila `externalTrafficPolicy: Local`, anwani ya mtumaji hufunikwa na anwani ya nodi. Moduli ya permissions, inayotambua tranki kwa IP, itaona kila mgeni ana sura moja. Pike, inayozuia mafuriko ya maombi, ikimkamata mshambuliaji mmoja itaifungia anwani ya nodi, na wateja wote waliopita hapo watafungiwa pamoja naye. Katika makosa yote ya usanidi yanayotajwa hapa, hili ndilo linalohesabika ghali zaidi, kwa sababu siku za kawaida halionekani.

Baada ya kupima njia zote, tunachokishauri kwa Kamailio ya ukingoni ni kuachana na Service kabisa. Iweke kama DaemonSet (podi moja kwa kila nodi iliyochaguliwa) yenye `hostNetwork: true` (podi itumie mtandao wa nodi moja kwa moja) kwenye nodi mbili au tatu zilizowekewa lebo, kila nodi na anwani yake ya umma, na wateja wazipate kwa rekodi za SRV, orodha ya seva iliyo kwenye DNS. Anwani inayosikiliza na inayotangazwa zinakuwa moja, na majibu yanarudi kwa podi iliyouliza.

Ukifuata njia hiyo, weka `dnsPolicy: ClusterFirstWithHostNet`, la sivyo podi itatumia DNS ya nodi na majina ya ndani ya klasta hayatapatikana. Andika pia 5060 na 5061 kwenye `ports` hata kama unadhani si lazima. Kwa podi ya hostNetwork, poti iliyoandikwa huhesabika kuwa ya nodi, na mpangaji hatapanga podi mbili zinazogombana. Usipoiandika, Deployment (inayotunza idadi fulani ya podi kwenye nodi yoyote) inaweza kuweka mbili kwenye nodi moja, na ya pili itaanguka na kuamka bila kikomo ikilalamika kwamba anwani inatumika. Kwa sababu hiyo hiyo huwezi kuwasha podi mpya kabla ya kuzima ya zamani kwenye nodi ile ile. Kila sasisho lina pengo fupi, na SRV ndiyo inayolifunika.

Kwa simu za TCP, TLS na WebSocket kuna jambo la ziada. Muunganisho uko mkononi mwa podi moja tu. Simu inayomtafuta mteja lazima itokee kwenye podi hiyo hiyo, hata kama usajili wake unasomeka kwenye hifadhidata ya pamoja. Tenganisha tabaka mbili: Kamailio ya ukingoni inayoongeza kichwa cha Path (njia ya kumrudia mteja) kwenye REGISTER (ujumbe wa usajili), na Kamailio ya usajili iliyo ndani, inayoweza kuwa Deployment ya kawaida. Tabaka hili la ndani ndilo linaloonyesha uzuri wa Kubernetes. Linaongezeka, linapungua, linasasishwa mchana, na hakuna anayegundua.

Sauti

G.711, kodeki ya kawaida ya simu, yenye pakiti za milisekunde 20 ni pakiti 50 kwa sekunde kwa kila upande. Kila pakiti ni baiti 160 za sauti na baiti 40 za vichwa vya IP, UDP na RTP (itifaki inayobeba sauti). Simu moja inayopita kwenye rtpengine ni pakiti 100 zinazoingia na 100 zinazotoka kila sekunde. Simu 1,000 kwa pamoja ni pakiti 200,000 kwa sekunde. Ukubwa wa data ni mdogo. Kinachochosha mashine ni idadi ya pakiti, na kila kituo unachokiongeza njiani (handaki la VXLAN, jedwali la conntrack, daraja la kontena) kinalipiwa mara 200,000 kila sekunde.

Service haikubali masafa ya poti. Kila poti lazima iandikwe peke yake, na rtpengine huhitaji maelfu. Kwa hiyo hapa pia ni hostNetwork, na hatuoni sababu ya kujaribu kingine kwa simu za kawaida.

Masafa ya poti yanahitaji umakini. rtpengine huanza na 30000 hadi 40000, na Kubernetes huzigawa NodePort, poti za Service zinazofunguliwa kwenye kila nodi, kutoka 30000 hadi 32767. Masafa hayo yanalaliana. Siku Service fulani ya UDP, hata isiyohusiana na simu, ikipewa 31514, pakiti za sauti zitakazokuja kwenye 31514 zitageuzwa na kanuni za kube-proxy kabla hazijafika kwa rtpengine. Mpiga simu mmoja kati ya wengi atasikia kimya upande mmoja, akipiga tena itakuwa sawa, na utatafuta chanzo kwa wiki. Hamisha masafa:

`port-min = 40000`
`port-max = 59999`

Simu ya sauti ya watu wawili hutumia poti nne, yaani RTP na RTCP (taarifa za ubora wake) kwa kila upande, kwa hiyo poti 20,000 zinabeba simu 5,000. Linux nayo hutumia 32768 hadi 60999 kwa miunganisho inayotoka, basi ziweke akiba kwenye nodi: `net.ipv4.ip_local_reserved_ports = 40000-59999` katika faili chini ya `/etc/sysctl.d`. Iandike kwenye nodi, kwa sababu podi ya hostNetwork hairuhusiwi kubadilisha sysctl (vigezo vya keneli) za mtandao.

Kisha mipaka ya prosesa. Kubernetes hutekeleza `limits.cpu` kwa vipindi vya milisekunde 100. Kontena yenye kikomo cha 2 ina milisekunde 200 za prosesa katika kila kipindi. Nyuzi nane zikifanya kazi kwa pamoja zinazimaliza ndani ya milisekunde 25, na kontena nzima inasimamishwa milisekunde 75 zilizobaki. Pakiti ya sauti inatakiwa kutoka kila milisekunde 20. Zitakusanyika tatu au nne, zitatoka kwa mkupuo, na simu ya mpokeaji itazitupa zile zilizochelewa. Grafu ya matumizi ya prosesa itaonyesha wastani mzuri tu huku watu wakilalamika kwamba sauti inakatakata. Angalia `container_cpu_cfs_throttled_periods_total` dhidi ya `container_cpu_cfs_periods_total`. Kwa kontena inayogusa sauti, uwiano tunaoukubali ni sifuri.

Kuna njia mbili za kuponya hali hiyo. Ya haraka ni kuondoa `limits.cpu` na kubakiza `requests` (kiasi ambacho podi imetengewa). Ya uhakika ni kuipa podi viini vyake pekee: kubelet (wakala wa Kubernetes kwenye nodi) yenye `--cpu-manager-policy=static`, viini kadhaa vilivyotengwa kwa mfumo, na podi ambayo requests na limits zake za prosesa na kumbukumbu zinalingana, prosesa ikiwa namba nzima. Andika 4, usiandike 3500m, maana namba yenye sehemu huirudisha podi kwenye viini vya pamoja bila onyo. Ukibadilisha sera hiyo kwenye nodi inayofanya kazi, hamisha podi, zima kubelet, futa `/var/lib/kubelet/cpu_manager_state`, ndipo uiwashe. Faili hilo likibaki na sera ya zamani kubelet haitaamka.

rtpengine ina sifa inayoipa nguvu kubwa: moduli ya keneli inayopitisha pakiti bila kuzipandisha kwenye programu. Ndani ya kontena moduli hii huwachanganya wengi. Lazima ipakiwe kwenye nodi, ikiwa imejengwa kwa keneli ya nodi ile, na kontena ipewe NET_ADMIN, ruhusa ya kusimamia mtandao. Isipopatikana, rtpengine huendelea kupitisha sauti kwa njia ya programu, na utagundua siku ya mzigo mkubwa. Ifanye kontena ya maandalizi ikatae kuendelea kama `/proc/rtpengine` haipo. Tena, keneli ya nodi ikisasishwa yenyewe usiku, moduli inabaki ya jana. Nodi za sauti zisiwe kwenye sasisho la kujiendesha.

Matokeo mengine ya moduli hiyo: kazi inapofanyika kwenye keneli, haihesabiwi kwa kontena. HPA (inayoongeza na kupunguza podi yenyewe) inayotazama prosesa itaona podi imepumzika hata nodi ikiwa imejaa. Pima kwa idadi ya sesheni, ambayo rtpengine huitoa kwa Prometheus (mkusanyaji wa vipimo) kupitia poti uliyoiweka kwenye `listen-http`.

Kuzima podi bila kumkatia mtu simu

Hapa ndipo usanidi wa kawaida wa Kubernetes unapopingana waziwazi na simu. Podi ikiambiwa iondoke hupewa sekunde 30, kisha inauawa. Sekunde 30 zinatosha ukurasa wa wavuti.

Muda sahihi unategemea programu. Kamailio kama prosi haishiki simu iliyokwisha kupokewa. Mradi anwani iliyo kwenye Record-Route bado inajibiwa na Kamailio nyingine, BYE, ujumbe wa kukata simu, itapita. Kinachopotea ni miamala inayoendelea, hasa INVITE (ombi la kuanzisha simu) inayoita, na SIP inairuhusu iite zaidi kidogo ya dakika tatu. Sekunde 200 zinatosha. Kwa muundo wa hostNetwork tulioushauri, ambako kila nodi ina anwani yake, kumbuka kwamba BYE itaisubiri podi mpya ya nodi ile ile. Urudiaji wa SIP kwa UDP unavumilia pengo la sekunde kadhaa.

Asterisk na FreeSWITCH ni habari nyingine, kwa sababu simu iko ndani yao na ikianguka podi imeanguka simu. Weka `terminationGracePeriodSeconds: 7200` na preStop (amri inayoendeshwa kabla podi haijazimwa) inayozuia simu mpya, kisha inasubiri zilizopo ziishe. Kwa Asterisk ni `asterisk -rx "core stop gracefully"`, ikifuatiwa na kitanzi kinachotazama kama mchakato bado upo. Kitanzi hicho ni cha lazima: amri inarudi mara moja, preStop ikiisha SIGTERM (ishara ya kuzima mchakato) inafuata, na utaratibu wote unaharibika. Muda wa preStop unahesabiwa ndani ya ule ule wa saa mbili. Kabla ya amri hiyo, iondoe seva kwenye dispatcher, la sivyo Kamailio itaendelea kuipelekea simu zitakazokataliwa.

Kwa rtpengine, iondoe upande wa Kamailio kwa `kamcmd rtpengine.enable` ikifuatiwa na anwani yake na 0, na uhakikishe moduli ina `allow_op` ya 1. Bila hiyo, nodi iliyozimwa kwa mkono haitapokea hata amri za simu zake za zamani, na sesheni zitabaki zikining'inia mpaka muda wake uishe.

Kisha kuna vitu vitatu vitakavyokupita pembeni hata ukiyafanya yote haya. Cluster Autoscaler inapopunguza nodi haisubiri zaidi ya sekunde 600 isipobadilishwa kwa `--max-graceful-termination-sec`. Saa mbili ulizoandika hazihesabiki. `kubectl drain`, amri ya kuziondoa podi kwenye nodi, haiondoi podi za DaemonSet, kwa hiyo Kamailio na rtpengine za ukingoni zinabaki zikifanya kazi hadi dakika unapoizima mashine. Na kubelet, isipowekewa `shutdownGracePeriod`, haizipi podi nafasi ya kuaga mashine inapowashwa upya. Andika hatua zako za matengenezo ya nodi zikianza na dispatcher na rtpengine. Drain ije baadaye.

Open5GS na upande wa 5G

Sehemu ya udhibiti ya 5G ilibuniwa kwa HTTP/2, na hilo linaonekana. NRF, AUSF, UDM, UDR, PCF na NSSF, zinazoshughulikia mambo kama uthibitishaji, data za wateja na sera, hukaa kwenye Kubernetes kama vile zilizaliwa humo: Deployment, Service ya kawaida, poti 7777, basi. Hifadhidata ya wateja ni MongoDB, na hiyo tu ndiyo inayohitaji diski ya kudumu. Gradiant wana chati za Helm (vifurushi vya usanidi wa Kubernetes) za Open5GS ambazo ni mwanzo mzuri, ingawa sehemu ya mitandao utaiandika upya kwa mahitaji yako.

AMF, inayosajili simu za wateja kwenye mtandao, ni ngumu zaidi. Upande wa mnara huongea SCTP (itifaki ya usafirishaji, kama TCP) kwenye poti 38412. Service za Kubernetes hukubali SCTP rasmi tangu toleo la 1.20, lakini moduli ya sctp lazima iwepo kwenye nodi, na familia ya RHEL huiweka kwenye kifurushi cha kernel-modules-extra na kuifungia kwenye orodha ya zisizopakiwa. Dalili ni podi kulalamika kwamba itifaki haitumiki. Programu haina kosa. SCTP pia hubeba orodha ya anwani ndani ya ujumbe wake wa kwanza ikitumia njia zaidi ya moja, kwa hiyo NAT huivunja. Ipe AMF kiolesura cha pili kwa Multus (programu inayoipa podi violesura zaidi ya kimoja), chenye anwani isiyobadilika.

Usiandike `replicas: 2` kwa AMF. Habari za kila simu iliyojisajili ziko kwenye kumbukumbu ya podi moja. SMF, inayosimamia vipindi vya data vya wateja, inapoirudia AMF kwa jina la Service, nusu ya majibu yatafika kwa podi isiyomjua mteja. Ukitaka AMF mbili, ziwe Deployment mbili, kila moja na utambulisho wake ndani ya seti, na mnara uunganishwe na zote mbili.

Multus yenyewe inafanya kazi yake vizuri, na bila hiyo upande huu usingewezekana. Jua mipaka yake. Anwani za kiolesura hicho cha pili (net1) hazionekani kwa Service, na NetworkPolicy ya kawaida haizilindi. Ukitumia macvlan (violesura pepe vyenye MAC zao juu ya kadi ya nodi), nodi haiwezi kuongea na podi zake yenyewe kupitia kiolesura kile kile, na kama nodi ni mashine pepe, swichi ya chini yake itatupa pakiti zenye anwani za MAC isizozijua mpaka uiruhusu. Ping inayofika nodi na kuishia hapo kwa kawaida ni hilo.

UPF inahitaji `/dev/net/tun`, NET_ADMIN, na `net.ipv4.ip_forward` ndani ya podi. Sysctl hiyo haimo kwenye orodha ya zile ambazo Kubernetes inaziita salama, kwa hiyo ama uiruhusu kwenye kubelet kwa `--allowed-unsafe-sysctls` ama uiwashe kwa kontena ya maandalizi yenye mamlaka kamili. Wateja hupewa anwani kutoka 10.45.0.0/16 kupitia ogstun, kiolesura cha TUN cha UPF, na bila kanuni hii simu zitajisajili vizuri, zitapata anwani, na hazitafungua hata ukurasa mmoja:

`iptables -t nat -A POSTROUTING -s 10.45.0.0/16 ! -o ogstun -j MASQUERADE`

Hesabu ya MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) nayo inastahili kufanywa kwa kalamu. SMF ya Open5GS huwaambia wateja watumie 1400. GTP-U, handaki la 5G la data ya wateja, huongeza baiti 44: IP 20, UDP 8, GTP 8 na nyongeza 8 za kitambulisho cha mtiririko. Jumla 1444. Mtandao wa klasta wa VXLAN una nafasi ya 1450, kwa hiyo inapita kwa baiti 6 tu. Ukiwasha usimbaji wa WireGuard kwenye klasta nafasi inashuka hadi 1440, na hapo pakiti kubwa zinakatwa vipande au kupotea. Dalili yake inadanganya: ping inakwenda, kurasa ndogo zinafunguka, picha zinakwama nusu. Shusha MTU ya SMF hadi 1380, au, vizuri zaidi, pitisha N3 (kiungo cha mnara na UPF) kwenye kiolesura cha Multus chenye 1500 kamili.

UPF hii hupitisha kila pakiti kupitia programu na TUN. Kwa mtandao binafsi wa kiwanda au chuo inatosha. Kwa mzigo mkubwa utahitaji UPF ya eBPF au DPDK (njia za haraka za kushughulikia pakiti), na DPDK inakuja na kurasa kubwa za kumbukumbu, SR-IOV, na Topology Manager yenye `single-numa-node`. Huo ni mradi unaojitegemea, na hapo nodi yako inakuwa mashine ya kazi moja iliyoandaliwa kwa mkono. free5GC ina njia yake ya moduli ya keneli, gtp5g, yenye mzigo ule ule wa kuijenga upya kila keneli inapobadilika.

Nodi inapokufa, na mengine mafupi

Watu huamini kwamba nodi ikizimika ghafla podi zitahamia kwingine papo hapo. Kubernetes husubiri sekunde 40 hadi 50, kutegemea toleo, kabla ya kuihesabu nodi imepotea, kisha podi huvumilia sekunde 300 zaidi. Ni karibu dakika sita bila AMF. Punguza `tolerationSeconds` ya `node.kubernetes.io/unreachable` hadi 20 au 30 kwa Deployment za ishara. Podi ya StatefulSet (yenye utambulisho wa kudumu) haitaamka kwingine kabisa mpaka nodi ifutwe au podi iondolewe kwa nguvu. Ndiyo maana hatuitumii kwa AMF wala SMF.

Kipimo cha uhai (liveness) kiwe chepesi. Kwa kawaida kinasubiri sekunde 1 na kinaua baada ya kushindwa mara 3. Ukikifunga kwenye OPTIONS ya SIP, Kamailio iliyoelemewa itachelewa kujibu, itauawa, na mzigo wake utaiangukia jirani, ambaye naye atauawa. OPTIONS iachiwe kipimo cha utayari (readiness) peke yake.

Mesh ya huduma kama Istio (tabaka linalosimamia trafiki kati ya podi) haishiki UDP wala SCTP. Izuie isiingie kwenye podi za simu. Faida hakuna na mkanganyiko ni mwingi.

Kuchunguza hitilafu kumekuwa rahisi kuliko wengi wanavyotarajia. `kubectl debug` yenye picha iliyobeba sngrep (kionyeshi cha ujumbe wa SIP) huona trafiki ya podi bila kugusa picha ya Kamailio. Kwa muda mrefu, tuma nakala za ishara kwa itifaki ya HEP kwenda HOMER, hifadhi ya kumbukumbu za simu, kwa sababu podi iliyouawa huondoka na logi zake.

Inamfaa nani

Anayeendesha seva mbili za simu kwa ofisi moja abaki na mashine mbili, systemd na keepalived (inayohamisha anwani seva moja ikifa). Ataamka usiku mara chache zaidi. Mwenye makumi ya seva, wateja wengi waliotenganishwa, na timu ambayo tayari inaijua Kubernetes kwa kazi nyingine, atapata faida halisi: usanidi wote kwenye git, tabaka la ndani la SIP linalosasishwa mchana, na maabara kamili ya 5G inayojengwa na kubomolewa kwa amri moja, UERANSIM ikiigiza mnara na simu.

Kabla ya kuweka mteja wa kwanza, washa SIPp, programu ya kuigiza simu, dhidi ya klasta:

`sipp -sn uac -d 600000 -r 5 -l 50 -m 50 203.0.113.10`

Hizo ni simu 50 za dakika 10 kila moja. Zikiwa zote hewani, fanya matengenezo ya nodi moja kwa hatua ulizoziandika, kuanzia dispatcher hadi kuwasha mashine upya, kisha usome hesabu ya SIPp ya simu zilizoshindwa. Rudia kwa kila nodi inayobeba simu, na tena baada ya kila toleo jipya la Kubernetes, mpaka hesabu isome 0.